Miguu iliyofungwa: Sumaku ya kupimia ubongo imefichua nini kuhusu muhogo mchungu?



Ndugu msomaji, chukua mfano wa mtoto wa miaka minane. Jana jioni amecheza na wenzake ufukweni, amekula ugali wake wa muhogo, amelala. Alfajiri mama yake anamwamsha kwa ajili ya Swala. Anashuka kitandani, miguu inatetemeka na kukakamaa, anaanguka. Hana homa. Haumwi popote pa kutisha. Akili zake ni timamu, haja ndogo na kubwa anazimudu, na ukimgusa mguuni anahisi. Lakini kutembea hawezi, au anatembea kwa ncha za vidole huku magoti yakigongana. Kesho yake hali ni hiyo hiyo. Miaka ishirini baadaye pia ni hiyo hiyo, haikuzidi wala haikupona.

Ugonjwa huu unaitwa konzo. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kwango, huko Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame na vita, uliwashika watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Hapa kwetu Tanzania ulitambuliwa kwa mara ya kwanza Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985. Baadaye ukaja kusini. Mwaka 2001 hadi 2002 ulionekana katika wilaya ya Mbinga, ambayo wakati ule ilishuka mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kabla wilaya ya Nyasa haijakatwa. Kisha ukaonekana mkoani Mtwara, ambako idadi ya wagonjwa ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo msomaji wetu wa Kitura, wa Lituhi, wa Liuli au wa Mbamba Bay asidhani kuwa habari hii ni ya nchi za mbali.

Wanaoshikwa zaidi ni watoto waliokwishaacha ziwa la mama, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wanaume wazima hupata kwa uchache. Utaona sababu yake tukifika jikoni.

Sisi Waislamu tunaamini kuwa majini wapo, Qur'ani imewataja, na hatuna haja ya kubishana juu ya hilo. Lakini ugonjwa unaokuja mwaka wa ukame, ukawakumba watu wa kijiji kimoja wanaokula unga wa namna moja, ukawashika miguu yote miwili kwa usawa, huo una dalili za sumu na wala sio za jini. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba. Basi nasi tutazame wataalamu walitafuta nini, na walikuta nini.

Kwanza tuelewe njia yenyewe. Unapotaka kuinua mguu ili uingie msikitini, amri inaanzia sehemu ya juu ya ubongo, kwenye ukanda unaopita karibu kutoka sikio moja hadi jingine. Kutoka hapo zinashuka neva ndefu, tuziite waya za juu. Zinavuka upande wa pili pale ubongo unapokutana na shingo, kisha zinateremka ndani ya uti wa mgongo. Huko zinakabidhi amri kwa neva nyingine, waya za chini, ambazo hutoka nje ya uti na kwenda kwenye msuli.

Waya za chini zikikatika, mguu unalegea kama kamba na unakonda. Polio hufanya hivyo. Waya za juu zikiharibika mambo ni kinyume. Msuli haukondi sana, bali unakakamaa. Daktari akigonga chini ya goti kwa nyundo yake ndogo, mguu unaruka kwa nguvu kupita kiasi, kwa sababu waya za chini zimebaki bila msimamizi. Mgonjwa wa konzo yuko katika kundi hili la pili. Hilo madaktari walilijua kwa mikono na macho yao tu, bila mashine. Wasichojua ni jinsi uharibifu ulivyoenea, na kama umegusa mikono pia, maana wagonjwa wengi mikono yao hulima, hutwanga na huandika bila shida.

Hapa ndipo sumaku inapoingia. Mwaka 1985, mwaka ule ule wa Tarime, mtaalamu Anthony Barker na wenzake wa mji wa Sheffield, Uingereza, walitangaza njia ya kuamsha ubongo kutoka nje bila kupasua wala kuchoma sindano. Kifaa chenyewe ni duara la waya wa shaba lililofunikwa plastiki. Linashikwa juu ya kichwa cha mtu aliyeketi macho. Umeme mkubwa unapita ndani ya duara kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na unazaa sumaku. Sumaku inapita kwenye nywele, ngozi na fuvu bila kuzuiwa, na ikifika kwenye ubongo inazaa huko umeme mdogo. Ule umeme mdogo unaamsha waya za juu. Mtu anasikia mlio kama wa kidole kikigonga meza, na papo hapo kidole gumba chake kinaruka bila yeye kutaka.

Juu ya msuli wa mkono hubandikwa vipande vya kupokelea, na mashine inaandika jibu. Kwa mtu mzima mwenye afya, ujumbe hutumia kama sehemu 20 za elfu ya sekunde kutoka ubongoni hadi mkononi, na muda zaidi kidogo kufika mguuni kwa kuwa njia ni ndefu.

Mtaalamu anatazama mambo matatu. La kwanza ni nguvu ndogo kabisa ya sumaku inayotosha kuufanya msuli uitike. Hiki ndicho kipimo cha wepesi wa njia kuamka. Njia nyepesi huamka kwa nguvu ndogo, na njia nzito hudai nguvu kubwa. La pili ni ukubwa wa jibu, na la tatu ni muda liliotumia njiani. Wepesi huu haukai mahali pamoja hata kwa mtu mzima wa afya. Ukikaza msuli kidogo kabla ya sumaku kupigwa, jibu linakuwa kubwa na linakuja kwa urahisi zaidi, kwa kuwa njia tayari iko macho. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, hufanya njia iwe nzito kuamka. Sumaku yenyewe ikipigwa mfululizo inaibadilisha njia kwa muda: mapigo ya polepole, kama moja kwa sekunde, kwa kawaida huituliza, na mapigo ya haraka huichangamsha. Kutokana na hilo, hospitali za nchi kadhaa huitumia kwa wagonjwa wa sonona. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2008. Mwenye kipande cha chuma kichwani au kifaa cha kuendesha moyo hapigwi sumaku hii, na mwenye kifafa huangaliwa kwa tahadhari maalumu.

Sasa turudi kwenye konzo. Wagonjwa wawili kutoka Kongo, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, walisafirishwa kwa ndege hadi Sweden. Mmoja alikuwa na ugonjwa kwa miaka 7, mwingine kwa miaka 15, na wote wawili walikuwa wameathirika vibaya. Katika timu iliyoandika habari zao mwaka 1993 alikuwamo Thorkild Tylleskär, Hans Rosling aliyewahi kuwa daktari Nacala kule Msumbiji, na William Howlett na Henry Rwiza, madaktari wa neva waliofanya kazi hapa Tanzania.

Walipigwa picha za ubongo na uti wa mgongo kwa mashine kubwa. Picha zikatoka safi. Hakuna jeraha, hakuna uvimbe, hakuna mahali palipoliwa. Mtu angeweza kusema wanajifanya. Kisha wakapigwa sumaku, na msuli haukuitika. Jibu halikupatikana hata pale ambapo dalili za nje zilikuwa ndogo tu.

Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo. Picha nzuri kuliko zote haikuona kitu. Sumaku iliuliza swali jingine: amri inapita, au haipiti? Jibu likawa haipiti. Nguzo zinaonekana zimesimama na waya zinaonekana zimenyooka, lakini umeme haufiki nyumbani. Mwaka 2002 Daktari Desiré Tshala-Katumbay, Mkongo, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wengi zaidi, wakitumia kichocheo cha umeme pamoja na cha sumaku, nao wakakuta kasoro katika njia hiyo hiyo ya amri.

Maana yake kwa nyumba yako ni kwamba mtu wa konzo tunayemuona anachechemea kidogo huenda ameumia ndani kuliko tunavyodhani. Aidha, njia iliyoharibika kiasi hiki haijapatiwa dawa ya kuirudisha. Sio sindano, sio kombe, wala sio sumaku yenyewe. Sumaku katika konzo ni kipimo. Akija mtu na bangili ya sumaku au mkanda wa sumaku, akakwambia utanyoosha miguu ya mwanao, mwambie aende zake. Sumaku ya bangili haizalishi umeme wowote ubongoni, kwa kuwa imelala tu, haiwaki na kuzimika.

Basi kinga yote iko jikoni, kabla ugali haujasongwa.

Muhogo, hasa ule mchungu, una kitu kinachoitwa linamarini. Chenyewe kimefungiwa peke yake ndani ya mzizi, na kimeng'enyo cha kukivunja kimefungiwa pembeni yake. Mzizi ukikwanguliwa, ukitwangwa au ukilainika majini, viwili hivi vinakutana, na inatoka sianidi, ambayo ni sumu. Sianidi ni hewa nyepesi, na ikiachiwa nafasi inaruka ikaondoka. Kwa hiyo kazi yote ya bibi zetu ya kumenya, kuloweka, kuminya na kuanika haikuwa mazoea matupu. Ilikuwa kazi ya kuikutanisha sumu na kimeng'enyo chake na kuipa muda wa kuondoka.

Ukame unapokuja, muhogo huongeza sumu hiyo kwa kiasi kikubwa. Ukame huo huo unaleta njaa, na njaa inaleta haraka. Muhogo uliopaswa kukaa majini siku nne unakaa siku moja. Kule Mtwara kuna unga unaoitwa chinyanya, unaopatikana kwa kutwanga muhogo mbichi na kuuanika, kisha kutwanga tena, hadi uwe unga ndani ya muda mfupi. Unga ni mweupe, unapendeza, na sumu nyingi imebaki ndani. Hata makopa ya kuanika juani tu, bila kuloweka, hubakiza kama robo au theluthi ya sumu iliyokuwamo. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, akiwamo Dk. Nicholas Mlingi, walifuatilia mambo haya kwa miaka mingi.

Wengine watauliza, kwa nini tusiache kabisa muhogo mchungu? Swali hili huulizwa na watu wasiolima. Nguruwe pori na nyani hawaumalizi mchungu kama wanavyoumaliza mtamu, na mwizi hawezi kuung'oa akautafuna njiani. Ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Nkhata Bay nchini Malawi, mtafiti Linley Chiwona-Karltun alikuta wanawake wanauchagua mchungu kwa makusudi kwa sababu za namna hiyo. Wanaloweka sawasawa, wanasonga kondowole yao, na wanaishi. Kosa liko katika kufupisha kazi.

Sasa ile sababu ya watoto na wanawake. Mwili una njia yake ya kuizima sianidi na kuitoa kwa mkojo, lakini unahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini. Mwenye kula samaki, dagaa, maharage au mayai anayo akiba. Mwenye kula ugali wa muhogo kwa kisamvu siku saba mfululizo hana. Na tuseme kweli, katika nyumba nyingi samaki akiwa mmoja, kichwa na mgongo vinakwenda kwa baba, watoto wanachovya mchuzi. Mtume (s.a.w.) alikuwa mwema kwa watu wa nyumbani kwake. Mwaka wa ukame, wema huo uanzie kwenye bakuli la mboga: anza na mtoto, kisha mwenye mimba na anayenyonyesha. Ziwa lina dagaa, milima ya Umatengo ina maharage. Hata kidogo kinasaidia.

Mama, fanya hivi. Menya muhogo, ukate vipande, uloweke mpaka ulainike kabisa, siku tatu hadi tano kulingana na baridi. Kwenye miinuko ya Mbinga huchukua muda zaidi kuliko ufukweni. Mifugo isinywe maji yale. Toa, vunja vunja, minya, anika kwenye kichanja na sio chini kwenye vumbi la kuku. Muhogo mchungu usiuchemshe mzima ukadhani moto umemaliza kazi. Moto unaua kile kimeng'enyo kwanza, na sehemu kubwa ya linamarini inabaki. Mwezi wa Ramadhani jambo hili lina uzito wake, maana muhogo ni futari ya wengi. Muhogo wa kuchemsha kwa nazi uwe ule mtamu unaoujua shamba lake, sio ulionunuliwa usikujulikana.

Na kama unga umekwisha sagwa na huna uhakika nao, ipo njia iliyobuniwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Canberra, Australia. Tia unga mkavu kwenye beseni, usawazishe, uweke alama ya usawa wake upande wa ndani. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama, endelea mpaka urudi kwenye alama ile ile. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Uache masaa mawili juani, au masaa matano kivulini, kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Usiuweke ulale, utaota ukungu. Njia hii hupunguza sumu iliyobaki mara tatu hadi mara sita. Haichukui nafasi ya kuloweka, ni nyongeza tu. Ilifundishwa kwa akina mama wa vijiji vilivyoathirika huko Mtwara, na pia Kongo, katika wilaya ya Popokabaka.

Wafanyabiashara wa makopa na unga nao wana sehemu yao. Wote tunaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta juu pakavu na chini pana maji, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Anayeuza unga wa muhogo mchungu ulioharakishwa, naye akijua, amefunika jambo zito kuliko maji. Vile vile Zakatul-fitri. Ikiwa chakula cha kwenu ni unga wa muhogo, toa ule unaowapikia wanao, uliokamilika. Fukara anayeupokea ndiye asiye na samaki wa kulia.

Yule ambaye ameshapata konzo asifichwe ndani. Mazoezi ya kunyoosha viungo na fimbo nzuri humsaidia sana, na shule anaiweza. Swala anaiswali kadiri awezavyo, amesimama kwa kuegemea, au ameketi, sheria imempa nafasi hiyo bila lawama. Kamati ya msikiti itazame ngazi zake na mahali pa kutawadhia. Na nyumba yake ibadilishe unga siku hiyo hiyo, kwa sababu shambulio la pili linaweza kumjia akabaki kitandani, na ndugu zake wanakula chungu kimoja.

Sio kila kukakamaa kwa miguu ni konzo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho hupooza miguu, lakini hicho kina dawa na hupona kikiwahiwa. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea miguu ghafla, zahanati inatakiwa kuripoti haraka ili polio ichunguzwe. Kwa hiyo nenda kituo cha afya mapema, kabla ya kwenda kwa mganga. Ukifika, mweleze tabibu siku miguu ilipoanza, kama ni yote miwili, nani mwingine kijijini amepatwa, na unga mliokula wiki zile mbili za nyuma ulilowekwa kwa siku ngapi. Ukiwa umebaki kidogo, funga kwenye mfuko, nenda nao.